Nani Anakaa Juu ya Gogo la Hakimu?

Kijiwe chetu cha Ruponda ni ubao mmoja mrefu uliopigiliwa juu ya visiki viwili, na siku usipotukuta hapo saa tatu asubuhi, ujue kuna msiba. Wiki ile tulikuwa na kitu cha kutazama: gogo la mkorosho wa Mzee Masoudi, limelala ng'ambo ya njia, hatua kumi na tano tu kutoka ubaoni. Upepo wa mvua uliung'oa mti mzimamzima ukaulaza mbele ya mlango wa ghala lake, na mbegu yote ya ufuta imo humo ndani, wakati majirani wameshaanza kupanda. Alhamisi fundi wetu Faridi akaja kulikata kwa chenso, huo msumeno wa mashine unaonguruma mpaka kuku wanahama mji. Alipofika katikati ya gogo, mashine ikamrukia, ikamchana paja. Alikimbizwa hospitali mjini Nachingwea kwenye bodaboda, paja limefungwa khanga mbili, na hadi Jumanne hii ninayoisimulia alikuwa bado amelazwa. Gogo nalo lilikuwa bado limelala, na mpasuko wake katikati.

Tuliokuwepo kijiweni Jumanne hiyo nawataja, msije mkapotea. Mzee Masoudi, mwenye gogo, tunamwita Hakimu, ingawa mahakamani alikwenda mara moja tu, tena kama mshtakiwa, kesi ya mbuzi. Harithi tunamwita Redio, kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Maige ni Msukuma, aliingia na ng'ombe wake kutoka kule Ziwani miaka sita iliyopita, anakaa njia ya Kilimarondo, na kila asubuhi akishauza maziwa anakuja kukaa mwisho wa ubao. Hamidi ndiye mwenye birika la kahawa. Mimi wananiita Katibu, eti kwa sababu mwaka fulani kwenye mkutano wa chama cha msingi nilikutwa na kalamu mfukoni.

— Nawaambieni hivi, kilichomrukia Faridi ni salfa, alianza Redio, kahawa yenyewe haijamfika kooni.

— Salfa ya wapi? Hakimu akauliza.

— Ya mkorosho wako! Umeupulizia salfa, hiyo dawa ya unga, tangu lini?

— Tangu nilipooa.

— Mke yupi?

— Wa kwanza.

— Miaka thelathini na tano! Sasa hiyo salfa yote ilikwenda wapi? Mti si unakunywa? Imo mlemle ndani, imejaa. Mashine ilipogusa moyo wa mti, cheche moja tu, puu! Salfa ndiyo wanayotengenezea baruti, hamjui?

— Hakukuwa na puu, nikamwambia. Mimi nilikuwepo.

— Katibu, kwa makelele ya ile mashine, hiyo puu ungeisikiaje?

Huyu Redio ndivyo alivyo. Unajua kabisa anasema upuuzi, lakini ukitafuta pa kumbana hupaoni.

Hakimu akapiga funda, akafuta masharubu.

— Nyie vijana hamjui historia, alisema, na huyo Redio anayeitwa kijana ana wajukuu wanne. Mkorosho huu aliupanda marehemu shangazi yangu, Biasha. Mwanamke hapendi kelele yule! Ukikohoa karibu na mlango wake anakutokea na mchi. Na Faridi huyuhuyu, utotoni, alikuwa anamwibia mabibo hapahapa. Sasa fikiria. Umeshakufa, unapumzika zako, anakuja mwizi wa mabibo yako na limashine linanguruma, anaukata mti wako katikati. Wewe ungenyamaza?

— Kwa hiyo aliyemchana paja ni shangazi? akauliza Hamidi.

— Sijasema amemchana. Nasema hakufurahi.

— Lakini mzee, mti uliangushwa na upepo, akasema Maige. Shangazi mbona hakugombana na upepo?

— Upepo haujamwibia mabibo.

Hamidi akacheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye sahani. Redio akaona ananyang'anywa kiti, akaongeza sauti.

— Haya, tuje kwenye hayo mabibo. Mabibo ya mti huu kila msimu yalikuwa yanakwenda wapi?

— Yanaoza, alisema Hakimu, akatazama pembeni.

— Yanaoza! Yanakwenda bondeni, yanakuwa uraka, kijiji kinaimba mpaka alfajiri! Mti umezaa pombe miaka yote hiyo, mti wenyewe si mlevi huo? Sasa umlaze mlevi, umwambie tulia nikukate, atatulia?

— Astaghafirullah, alisema Hakimu, kwa sauti ya mtu anayeijua ladha.

— Mlevi kazi yake kuanguka, akasema Maige. Na umeanguka. Hapo Redio naona yuko sawa.

Tulicheka sana. Nasema hivyo kwa sababu nataka mjue tulivyokuwa. Mwenzetu ana siku ya tano kitandani, na sisi tulikuwa tunacheka hivyo.

Hapo ndipo Yunusi akatokea. Yunusi ni dereva wa bodaboda, ndiye aliyemkimbiza Faridi siku ile, na alimwahidi Hakimu kwamba gogo atalimaliza yeye, kwa mashine ileile ya Faridi, aliyomwomba mkewe Faridi kwa simu. Alikuja ameibeba begani. Kichwani alikuwa na helmeti ya bodaboda, machoni miwani ya jua, miguuni mabuti ya mvua, na juu ya suruali, nje kabisa, amefunga vile vilinda ugoko vya kuchezea mpira.

— Oya, wazee wangu, shikamooni!

— Marahaba. Unakwenda kukata gogo au una fainali na Ruangwa? akauliza Redio.

— Usalama kwanza, mzee baba. Mimi siingii kizembe. Jana nimeangalia video kwenye simu, dakika kumi na moja nzima.

— Video ya kukata magogo?

— Ya mzungu anakata barafu, anachonga samaki. Ila mashine ni hiihii.

— Na barafu lilimrukia?

— Halijamrukia. Katoka na samaki wake safi.

Hakimu hakucheka hapo. Aliinamia fimbo yake, akasema kwa upole ambao hatujauzoea kwake.

— Yunusi mwanangu, mvua haingoji mtu. Wenzangu ufuta umeshachipua. Mimi mbegu yangu naisikia harufu tu kwenye ufa wa mlango. Nikatie.

— Nakata leo leo, babu. Ila nataka uzito. Alhamisi walikaa watatu. Leo nataka wanne, kwa usalama zaidi.

Hapa inabidi nieleze. Gogo lile halijalala chini lote. Upande wa shina uko mbele ya mlango wa ghala, katikati limepanda juu ya kichuguu, na ncha yake inaning'inia hewani upande wa njia. Ukiisukuma ncha inacheza, juu chini, bembea kabisa. Alhamisi Faridi alilizunguka mara tatu, akasema anakwenda kwanza kutafuta miti ya kuegesha chini ya ncha, lisitikisike akilikata. Tukamwambia wewe Faridi, unajisumbua nini? Sisi tupo. Tutakaa juu ya ncha, tulikandamize, na wewe ukate. Kwa kukaa, Ruponda nzima nani wa kutushinda? Faridi akakuna kichwa. Alikuwa na kazi nyingine Chunyu, akakubali. Akasema neno moja tu: «Kaeni. Lakini asiinuke mtu mpaka nizime mashine.»

Tukakaa. Hakimu karibu na kichuguu, Redio katikati, mimi mwisho kabisa wa ncha, kwa sababu mimi ndiye mzito, kilo tisini na sita kwa mizani ya korosho. Faridi akawasha. Mashine ikazama mpaka nusu ya gogo. Na Hamidi akatokea upande wa msikitini na birika.

Mimi ndiye niliyeinuka. Mashine bado inanguruma. Niliwahi kahawa ya kwanza, ile ya juu, kabla tangawizi haijatuama chini. Nilipoondoka, ncha ikaruka juu, ikawainua Redio na Hakimu, wakaruka chini wakidhani gogo limeshikwa na kifafa. Mpasuko ukajifumba, ukaubana msumeno, msumeno ukarudi nyuma kwa nguvu zake zote. Sikuangalia nyuma mpaka niliposikia Faridi amepiga kelele.

Wenzangu walikuwa wamenipa mgongo, wakitazama mashine. Hakuna aliyeniona. Na siku tano zile nilikaa ubaoni nikisikiliza habari za salfa na shangazi Biasha, na kila upuuzi uliposemwa moyo wangu ulikuwa unapumua kidogo. Ndiyo hali halisi.

Sasa Yunusi anataka watu wanne.

— Mimi nipo, alisema Redio.

— Mimi gogo ni langu, nikatae nini? alisema Hakimu.

— Katibu, wewe tena mwishoni. Wewe ndiye nanga, akasema Yunusi. Na mzee Maige anakuwa wa nne.

— Mimi sikai, alisema Maige.

— Unaogopa?

— Naogopa, ndiyo. Mimi nina mkokoteni wa ng'ombe. Nikipakia magunia nyuma ya ekseli, mbele kunanyanyuka, nira inapanda juu, inawakaba ng'ombe. Nikimweka mtu mbele, inatulia. Sasa mtu akiruka, ng'ombe wanakabwa. Kwa hiyo mtu simweki. Naweka gunia. Gunia haliruki.

Maige alikuwa amefika palepale penye kosa langu, bado kidogo tu, na mimi nikapiga kelele kuliko wote:

— Wewe Maige, sisi tunazungumza habari za mashine, unatuletea mambo ya mikokoteni! Ng'ombe wako na chenso wapi na wapi? Tangu lini mkokoteni una plagi?

— Kweli! alisema Redio. Mkokoteni hauna plagi.

— Haujawahi kuwa nayo, alisema Hakimu, akapiga fimbo chini kama amefunga kesi.

Maige alinitazama. Alimpa Hamidi kikombe chake, akavuka njia, akaenda kuchuchumaa kivulini upande wa pili, mbali na gogo. Hadi leo sijui kama alishajua.

Basi wakaanza kupanga usalama. Redio akasema wanaokaa wafungwe kamba kiunoni, wote kwa pamoja, kusudi mmoja asianguke. Hakimu akauliza, na tukianguka wote? Redio akasema basi tutaanguka kwa mpangilio. Hakimu akasema ndani kwake kuna godoro la zamani, Yunusi avingirishiwe miguuni, mashine ikiruka ikute pamba. Yunusi akasema na hilo godoro atatembeaje?

— Kwani unataka kwenda wapi? Si unakata tu?

— Babu, mashine ikinigeukia natakiwa nikimbie.

— Video ilisema ukimbie?

— Video haikufika huko.

Redio akaja na la mwisho, na hili nitamkumbuka nalo. Alisema mashine ile imeshaonja damu. Ikishaonja inatafuta tena, kama mbwa aliyekula kuku. Kwa hiyo dawa ni kuidanganya. Yunusi avae shati la Faridi, mashine idhani ni mtu yuleyule, iseme huyu nimeshamaliza naye.

— Na shati lenyewe liko wapi? akauliza Hamidi.

— Liko hospitali.

— Nani kaliona?

Hakuna aliyekuwa ameliona. Tangu Yunusi amfikishe hospitali, hakuna aliyekwenda kumwona. Hilo swali lilipita hivihivi, Hakimu akainuka, akasema maneno yamekuwa mengi na jua linapanda.

Tukavuka njia. Hakimu akapanda karibu na kichuguu, Redio akafuata, Hamidi akakataa, eti yeye yuko kazini, basi wa nne akakosekana. Nikabaki mimi. Nilipoikalia ile ncha ikashuka taratibu chini yangu, na ule mpasuko pale katikati nikauona ukifunguka mdomo. Nilisema moyoni safari hii siinuki hata nyoka apite. Hicho ndicho kilikuwa kitubio changu chote, kukaa vizuri zaidi.

Yunusi akavuta kamba ya mashine. Haikuwaka. Akavuta tena.

— Ipe hewa! akapiga kelele Redio.

— Hewa gani?

— Yoyote!

Mara ya nne ikawaka. Kuku wakakimbia, mbwa wa Hakimu akaingia uvunguni mwa banda. Yunusi akashusha miwani, akasogea kwenye mpasuko, miguu ameitanua palepale aliposimama Faridi. Nami nikanusa tangawizi. Hamidi alikuwa anachochea mkaa kwa ajili ya raundi ya tatu. Naapa, paja langu lilishtuka lenyewe, bila mimi kuliamuru. Nikajishika kwa mikono miwili nisiinuke, nikaogopa mwili wangu mwenyewe.

Hapo ikaja bodaboda kutoka Nachingwea, ikasimama katikati ya njia, akashuka Amna, mke wa Faridi, na kapu la vyombo vya chakula cha mgonjwa mkononi. Alitutazama tulivyojipanga juu ya gogo. Akainua mkono, akampungia Yunusi azime. Yunusi akahangaika na vitufe viwili vitatu, mashine ikanyamaza.

— Shemeji, karibu! alisema Redio. Mgonjwa anaendeleaje?

— Leo ndio mnauliza?

— Tulikuwa kwenye uchunguzi.

— Uchunguzi wa nini?

— Wa chanzo cha ajali.

— Mmekipata?

— Tumebakiza mambo mawili. Ni salfa au ni marehemu shangazi.

Amna hakucheka. Macho yake yalikuwa mekundu, mtu aliyelala siku tano kwenye mkeka chini ya kitanda cha wodi.

— Mimi sikuja kugombana, alisema. Nimekuja kuchukua nguo narudi. Faridi kanituma swali moja, na kasema jibu nimpelekee leo. Anauliza, siku ile, gogo lilicheza ndipo mkaruka, au mliruka ndipo gogo likacheza?

— Lilicheza! alisema Redio haraka. Lilicheza ndipo nikaruka.

— Wallahi lilicheza, mwanangu, alisema Hakimu. Lilininyanyua makalio mimi mwenyewe, mzee mzima. Nikaruka.

Na walisema kweli, wale wawili. Kwao wao ndivyo ilivyokuwa.

— Mna hakika?

— Hakika kabisa.

Amna akaweka kapu chini.

— Basi ni kama anavyosema yeye. Halali usiku. Anasema kama gogo lilicheza lenyewe, basi alilisoma vibaya, alikata pasipokatwa. Miaka kumi na minane anakata, na anasema fundi asiyejua gogo litacheza wapi ataua mtu. Kasema nikirudi na jibu hilo, mashine iuzwe. Hashiki tena.

— Iuzwe? alisema Hakimu. Sasa atafanya kazi gani?

— Ndiyo nimemwuliza. Akageukia ukutani.

Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu vinavyoning'inia. Niliona aibu, niliogopa, na sitawaficha: nilitamani achukue jibu lake aondoke. Mashahidi walikuwa wawili, tena mmoja mzee, kaapa. Ingeishia hapo. Faridi angeuza mashine, mimi ningekunywa kahawa.

— Pole sana, shemeji, alisema Yunusi. Basi ngoja nimmalizie babu hili gogo. Kaeni vizuri hapo juu.

Akainama, akashika kamba. Miguu yake ilikuwa palepale. Nikaviona vile vilinda ugoko vyake vya mpira, kimoja kimefungwa kwa kamba ya kiatu.

— Yunusi, usivute, nikasema.

— Nini tena, Katibu?

— Niliinuka mimi.

— Uliinuka wapi?

— Alhamisi. Gogo lilikuwa limetulia. Nikainuka mimi kwanza, ndipo likaruka, na hawa wakarushwa.

Redio akanigeukia shingo nzima. Hakimu ndiye aliyeuliza.

— Uliinuka ukienda wapi?

— Nilimwona Hamidi anakuja.

— Mimi? alisema Hamidi ng'ambo ya njia. Jamani, mimi nilikuwa napita zangu tu!

Amna alinitazama kwa muda. Nilingoja matusi, na yangenisaidia.

— Kahawa? aliuliza.

— Kahawa.

— Kikombe kile? Akanyosha kidole kwenye vile vikombe vya Hamidi visivyo na mkono, vinavyoingia viwili kiganjani.

— Kile.

Na mimi nikakitazama, nikaona kilivyo kidogo.

— Siku tano, alisema Amna. Siku tano mtu anautazama mkono wake wa kulia kama si wake.

Nilisema nisamehe, akasema siyo yeye wa kuombwa. Kisha akamgeukia Yunusi.

— Alisema hivi pia. Kama itakuwa waliinuka, basi Yunusi asimkalishe mtu juu ya gogo, hata mmoja. Ncha uiegeshe kwa miti chini yake, pande zote mbili, mpaka ukiisukuma haichezi. Kwenye mpasuko ugonge kabari lisijifumbe. Halafu usisimame hapo ulipo. Simama upande wa shina, nyuma ya ulimi wa mashine, huo wenye meno, pasiwe na mguu wako. Na hizo za miguuni ni za nini?

— Za usalama, shemeji.

— Vua. Utajikwaa.

Yunusi akavua. Maige alikuwa ameshainuka kule kivulini, ameshachomoa panga lake la kiunoni, anaelekea kwenye matawi ya mkorosho uleule kuchagua yenye panda. Alipopita karibu yangu alisema tu:

— Nikishakata miti, tujaze na gunia la mchanga, likae hapo ulipo.

Tukashuka. Ilibidi tuhesabu moja, mbili, tatu, ndipo tukashuka wote mara moja, maana hakuna aliyethubutu kutangulia, na ncha ikapanda juu ikatikisika peke yake kwa muda mrefu huku tukiitazama.

— Jibu lako nimelisikia, Amna akaniambia, akiokota kapu. Lakini mimi silibebi. Saa kumi jioni ni muda wa kuona wagonjwa. Utamwambia kwa mdomo wako.

— Nitakuja.

— Hatakwenda peke yake, alisema Hakimu, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Wote tutakuja, mwanangu. Tumefanya vibaya.

— Hata mimi, alisema Redio. Na ile habari ya salfa sitaisema.

Amna akapanda nyuma ya bodaboda, apitie kwake kuchukua nguo, akaliweka kapu mapajani, akajifunga khanga vizuri kichwani. Alipokwisha kukaa akatutazama tulivyosimama pale njiani, watu wazima watatu, mikono imetuning'inia, hatujui tuiweke wapi.

— Njooni, alisema. Ila kitandani kwake msikae.